Idhini ya Mtu Asahauye



Ubongoni mwa mwanadamu mna matarishi wengi wapelekao habari toka chembe moja hata nyingine. Mmoja wao aitwa serotonini. Hupokewa katika milango ya namna zipatazo 14, nayo milango hiyo wataalamu huiita vipokezi. Wakatafuta dawa ya kuuziba ule wenye hesabu ya 6 peke yake, mingine ibaki wazi, wakitumaini kwamba ukizibwa kumbukumbu ya mgonjwa itapata nguvu. Dawa moja ya namna hiyo ni idalopirdini ya kampuni ya Lundbeck, huko Denmark. Ilikusudiwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa ule umnyang'anyao mzee hata majina ya watoto wake.

Mwaka 2014 ilitangazwa habari njema ya jaribio la wagonjwa 278: waliomeza dawa walionekana kuwa na nafuu kuliko wenzao. Ndipo yakafanywa majaribio makubwa 3, ya wagonjwa 2,525, kwa muda wa majuma 24. Wengine walipewa dawa, wengine kidonge kitupu, wala hawakujua ni nani aliyepata kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Dawa haikukishinda kidonge kitupu.

Je, si udanganyifu kumpa mgonjwa kidonge kisicho na kitu? Mimi nasema sivyo, maadamu ameambiwa mbele kwamba huenda akapata kitupu, naye akakubali. Udanganyifu ungalikuwa kuiuza dawa ile kwa sifa ya wale 278 tu, jamaa wakamaliza akiba yao kwa kitu kisichofaa.

Lakini liko neno zito zaidi. Mzee atia sahihi leo, na kesho hakumbuki kwamba aliahidi. Je, ahadi hiyo yamfunga? Sisi wazima twaweza kuvunja ahadi kwa sababu twaikumbuka. Yeye hata kuivunja hawezi. Ndiyo maana katika majaribio ya ugonjwa huu ni desturi awepo mtu wa karibu naye, mke au mume au mtoto. Basi huyo naye ni mwanadamu. Amechoka kwa kukesha, tena atamani mno dawa ifae, na tamaa yake yaweza kumsemea mzee neno ambalo mzee hakulisema.

Kwa hiyo naona hivi: kukubali kwa jana kwaweza kutunzwa na mwingine, bali kukataa kwa leo ni kwa mgonjwa mwenyewe. Akiusukuma mkono wa muuguzi ajaye kumtoa damu, hata kama hawezi kueleza sababu, amesema. Aachwe. Wako watakaonijibu kwamba hivyo majaribio hayatatimia. Huenda mengine yatachelewa, na yachelewe.

Nao waliovumilia hata majuma yakaisha, yapasa waambiwe matokeo wao wenyewe, wala si jamaa zao tu, ijapokuwa wataambiwa asubuhi na kusahau jioni.