Hatia Si Yangu, Kazi Ni Yangu

Masomo: Kutoka 21:28–29, Ezekieli 18, Nehemia 3

Wiki hii nataka tujiulize swali ambalo wengi tunalikwepa kwa sababu jibu lake lina gharama. Ukikuta kitu kimeharibiwa na mtu mwingine, na wewe hukuwepo alipokiharibu, je, una deni la kukitengeneza? Wengi hujibu upesi, "Si mimi niliyefanya." Na kweli si wewe. Lakini neno hilo linamaliza habari?

Mimi swali hili lilinikuta chini ya sinki ya jikoni.

Nyumba tuliyokuwa tumepanga hapa Garissa ilikuwa na harufu jikoni tangu tulipoingia. Tulisugua, tukamwaga dawa, tukachoma uunsi kama majirani zetu Wasomali, na nyumba ikanukia vizuri kwa saa moja. Kisha harufu ikarudi. Mwishowe nikamwita kijana wa mtaani anayefanya kazi ya mabomba. Akatoa masufuria na ndoo, akalala chali na tochi ya simu, halafu akaniambia, "Mzee, hebu inama uone mwenyewe."

Kumbe paipu ya maji machafu ilitoka kwenye sinki ikaenda tu hadi shimo la nje, bila trapu. Kiungo kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tena mwisho wa paipu ulikuwa juu kuliko mwanzo wake, kwa hiyo maji ya vyombo yalilala humo yakaoza.

Kwa asiyejua, trapu ni ile sehemu ya paipu iliyojikunja chini ya sinki. Mkunjo ule hubaki na maji kidogo kila unapoosha vyombo, na maji hayo ndiyo mlango: uchafu unapita kwenda nje, lakini hewa ya shimoni haiwezi kurudi ndani. Si jambo dogo. Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia Hong Kong, watu zaidi ya 300 waliambukizwa katika majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni trapu za sakafu za bafu zilizokuwa zimekauka, hewa chafu ikapanda kutoka nyumba hadi nyumba. Nasi tunaoishi katika joto hili tujue kwamba trapu isiyotumika hukauka. Ukirudi kutoka safari ya Desemba, mwaga maji kwanza katika kila tundu la nyumba.

Sasa turudi kwenye swali. Tulikuwa tumebakiza wiki tatu tuhame. Mwenye nyumba alisema hana pesa mwezi huo. Rafiki mmoja akanishauri kwa nia njema, "Achana nayo. Rudisha masufuria pale, atakayeingia atajionea."

Tusiudharau ushauri huo. Una haki ndani yake. Sikuiharibu mimi, nyumba si yangu, na aliyeifanya ile kazi alishaenda zake. Hata Maandiko yanaonekana kumuunga mkono rafiki yangu. Ezekieli 18 inafundisha wazi kwamba mwana hachukui uovu wa baba yake. Kila mtu atajibu kwa lake. Wapo wapendwa wanaotembea wameinamisha vichwa kwa ajili ya mambo waliyofanya wazazi wao. Ndugu, dada, hatia hairithiwi. Shika hilo.

Lakini soma pia Kutoka 21. Sisi wa Garissa, mji wa soko la mifugo, sheria hii tunaielewa bila mkalimani. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe anauawa, ila mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga, na mwenyewe ameonywa asimzuie, hapo mwenyewe anaulizwa damu. Ng'ombe ni aina moja, pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe aliambiwa.

Nilipoinama chini ya ile sinki, mimi niliambiwa. Kabla ya hapo, yale masufuria yalikuwa masufuria tu. Baada ya hapo, kuyarudisha pale kungekuwa kufunika. Fundi wa kwanza alinidanganya bila kusema neno, kwa kuweka paipu mahali nisipotazama. Kama ningenyamaza, mimi ningekuwa ninamdanganya mama atakayeingia na mtoto wake mchanga, kwa paipu ileile.

Mtu atauliza, "Kwa hiyo kila ubovu nikiujua ni wangu? Nitatengeneza dunia nzima?" Hapana. Nehemia 3 inatupa mpaka. Kuta za Yerusalemu hawakuzibomoa wale waliozijenga upya, ila wengi walipewa kipande kilichoelekea nyumba zao. Kilicho mbele yako, unachokijua, ambacho mkono wako unakifikia: hicho ndicho kipande chako. Na kama huna uwezo wa kutengeneza, bado unaweza kusema. Mwambie mwenye nyumba, mwambie anayeingia. Deni la chini kabisa ni ukweli, na hilo halihitaji pesa.

Angalieni pia mstari wa 14 wa sura hiyo. Lango la jaa, lile la kutolea taka, lilijengwa na Malkiya mwana wa Rekabu, naye alikuwa mkuu wa mtaa mzima. Mkubwa alichukua lango la uchafu, na jina lake limeandikwa.

Basi tulinunua trapu na paipu ya inchi moja na nusu. Yule kijana akakata, akaunganisha, akahakikisha kila mita ya paipu inashuka kama sentimita mbili. Kisha akazungushia kila kiungo karatasi kavu, akajaza sinki, akaachilia maji yote kwa mara moja. Karatasi zilibaki kavu. Pesa ile haikurudi, nami sikuidai.

Mafundi mlio kati yetu, kazi yenu kubwa iko chini ya sinki, ndani ya ukuta, chini ya simiti. Jirani yako Mwislamu huenda asiingie kamwe kanisani kwetu, lakini paipu uliyomfungia ataishi nayo miaka mingi. Hayo ndiyo mahubiri atakayoyasikia.

Na sisi wengine, kila mmoja ana sinki yake. Mweka hazina mpya amekuta vitabu visivyolingana. Mwalimu amepokea darasa la sita ambalo nusu yake hawajui kusoma. Ndugu wamerithi ugomvi wa shamba ulioanza kabla hawajazaliwa. Usijibebeshe hatia ambayo si yako. Lakini usiyarudishe masufuria.

Tuombe: Bwana, tuondolee hatia isiyo yetu, na utupe mikono ya kufanya kazi iliyo yetu, hata pale ambapo hakuna atakayeinama kutazama. Katika jina la Yesu. Amina.