Upana na Kina

Liko swali ambalo vijana wetu wasomi hulikuta mlangoni wanapotoka chuoni, nalo ni hili: mtu aliyekwisha kupata taaluma, je, afanye haraka kuchimba kina katika sehemu moja ya taaluma hiyo, au akae kwanza katika upana wake, akizifanya kazi zote zinazomjia? Wengi hulichukulia kuwa ni swali la riziki na cheo. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili pia, na nitalieleza kwa mfano wa kazi ambayo si yangu, yaani udaktari wa meno, kwa kuwa huko ndiko lilikonifikia.

Mjukuu wangu alisoma udaktari wa kinywa na meno kwa miaka 5, kisha akafanya utarajali wa mwaka 1 kama inavyotakiwa. Mbele yake zikawa njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mara moja masomo ya ubingwa, na yeye alipenda ubingwa wa kunyoosha meno yaliyopinda. Ya pili ni kushika kazi ya daktari wa kawaida wa meno katika hospitali ya wilaya, huku kwetu uwanda wa kati. Akaniambia, "Babu, nikienda wilayani nitakuwa mng'oa meno tu. Mikono itasahau yote niliyofundishwa." Sikumjibu papo hapo, maana neno lake lilikuwa na uzito.

Kwanza tuupe ubingwa haki yake. Kijana aliyevunjika taya katika ajali ya pikipiki hamhitaji mtu anayejua mambo mengi kidogo kidogo. Anamhitaji aliyeunga mataya mengi. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura vivyo hivyo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na katika tiba kinachoponyoka huweza kuwa uhai wa mtu. Aidha, hofu ya mjukuu wangu haikuwa ya kubuni. Katika vituo vyetu vingi kazi kubwa ya idara ya meno imekuwa kung'oa. Mgonjwa huja jino likiwa limekwisha kuoza hadi mzizi, na hata akija mapema, huenda mashine ya kutobolea ni mbovu au dawa ya kuzibia imekwisha. Ujuzi usiotumiwa huota kutu kama jembe lililoachwa nje masika yote.

Pamoja na hayo, nathubutu kusema kwamba tunapolinganisha njia hizi mbili tunakosea kuuona upana kuwa ni kina kilichopungua. Upana una ujuzi wake wenyewe. Huko Marekani, ambako hawana uhaba wa mabingwa, yako mafunzo ya mwaka mmoja hivi ambayo daktari mpya wa meno huweza kuyafanya hospitalini kabla ya kujitegemea, na yameitwa wazi mafunzo ya tiba ya jumla. Tangu mwaka 2007 jimbo la New York limemtaka daktari wa meno anayeomba leseni awe amepitia mafunzo ya vitendo baada ya shahada, yawe ya tiba ya jumla au ya ubingwa. Katika mafunzo ya jumla daktari hujifunza kwamba jino limo ndani ya mtu. Mtu huyo huweza kuwa na kisukari, na kidonda chake kikachelewa kupona. Au anatumia dawa za kulainisha damu, na pengo lake lisikauke. Au ni mama mjamzito. Utando mweupe mdomoni huweza kuwa dalili ya kwanza ya kinga ya mwili iliyoshuka. Uvimbe wa jino la chini ulioshuka shingoni huweza kuziba pumzi na kuua katika muda mfupi. Anayeyaona haya ni yule anayempokea mgonjwa kabla mtu yeyote hajajua ni mgonjwa wa nani.

Aristotle aliwahi kuandika kwamba mganga hamponyi binadamu kwa ujumla, bali humponya mtu fulani mwenye jina. Nami naongeza kwamba mtu huyo ana kijiji, ana kisima na ana jiko. Ndugu msomaji aufikirie mfano wa meno ya kahawia. Katika sehemu za Singida, na katika mikoa iliyo kandokando ya Bonde la Ufa kama Manyara na Arusha, maji mengi ya visima yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Sisi, kwa uhaba wetu wa maji, kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 8 vijijini. Mtoto anayekua akinywa maji hayo huota meno ya kudumu yenye madoa, na akinywa mengi zaidi hata mifupa yake hudhurika. Tena magadi tunayotia katika mlenda na maharage nayo huweza kuwa na floraidi. Bingwa mjini atayafunika meno ya mtu mmoja yakapendeza, na ni kazi njema. Lakini anayeuliza, "Mama, mnachota wapi maji, na magadi mnatia kiasi gani?" ni yule anayewaona watoto arobaini wa kata moja wakiwa na doa lile lile.

Mfano wa pili unatuuma zaidi sisi wa vijijini. Tangu miaka ya 1980 ilienea nchini mwetu imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wazee humfunua mdomo, wakaona ufizi umevimba kidogo na kuwa mweupe mahali pa chonge, nao husema hilo ndilo lililomletea ugonjwa. Ufizi hukatwa kwa kisu au chuma kilichonolewa, na kile kijino kichanga kikatolewa. Kumbe ni jino halali la maziwa ambalo halijakomaa, na homa ile ni ya malaria au ya ugonjwa mwingine unaotibika. Wako watoto waliopoteza damu, waliopata vidonda vilivyooza, na wengine walipoteza hata jino la kudumu lililokuwa linajijenga chini yake. Hakuna ubingwa unaoweza kuliondoa jambo hili peke yake. Huliondoa daktari aliyekaa mahali, anayejulikana kwa jina sokoni, ambaye bibi wa mtoto anamwamini kuliko anavyoliamini bango la ukutani.

Na wale wanaosema kwamba wilayani akili hulala, wakumbuke jambo lililotokea hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, wenyeji na wageni, walikuwa wakitafuta namna ya kutibu meno ya watu wasio na umeme. Walianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno inayogandia jino. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipoelekezwa kwenye afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitambulisha njia hiyo kwa mataifa. Leo hutumiwa hata katika nchi tajiri, hasa kwa watoto wanaoogopa mashine na kwa wazee wasioweza kufika kliniki. Uhaba uliwalazimisha wataalamu wafikiri upya, na dunia nzima ikafaidika.

Nitaje na kazi yangu, kwa kuwa inafanana na hili. Chuo cha ualimu kilitufundisha sisi walimu wa shule za msingi kufundisha masomo yote. Wenzetu wa sekondari, wenye somo moja au mawili, walituonea huruma kidogo. Lakini mwalimu wa masomo yote ndiye aliyegundua kwamba mtoto anayeshindwa hesabu za mafumbo hajashindwa hesabu, ameshindwa kusoma. Naye ndiye aliyejua kwamba yule anayesinzia saa nne ametoka nyumbani bila hata uji.

Hata hivyo sitaki upana uwe kichaka cha wavivu. Daktari wa jumla ana sharti moja gumu, nalo ni kuujua mpaka wake na kutoona haya kuutaja. Kidonda cha ulimi kisichopona kwa wiki mbili au tatu hakingojei majaribio, kinataka rufaa. Asiyejua wapi ujuzi wake unaishia ni hatari kuliko asiye na ujuzi, kwa sababu huyu wa pili hatashika koleo.

Linabaki swali la wajibu. Je, tunaweza kumwambia kijana kwamba ni lazima aende? Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amewasaliti ndugu zake. Mfano ule ni wa kweli, nami nimeurudia mara nyingi mbele ya wanafunzi. Ila una upande wa pili ambao tunapenda kuusahau. Kijiji kilichomtuma mtu nacho kinapaswa kumpokea. Kumpeleka daktari mahali pasipo kifaa wala dawa, kisha kumlaumu kwamba anang'oa tu, ni kumdai mtu mavuno baada ya kumnyima jembe. Tangu mwaka 2024 Serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa kwa siku chache katika hospitali za halmashauri, na wananchi wamefurahi. Ni jambo la kushukuru. Lakini bingwa wa siku chache huhitaji kumkuta mwenyeji aliyewajua wagonjwa kabla yake, na atakayebaki nao akiondoka.

Kwa hiyo nilimwambia mjukuu wangu mambo mawili. La kwanza, kwamba akichagua miaka miwili au mitatu ya tiba ya jumla, atakuwa amelipa gharama ya kweli: wenzake watamtangulia, na nafasi ya masomo huenda isimngoje. Nisingeweza kumficha hilo na kujiita babu yake. La pili, kwamba bingwa asiyewahi kukaa katika upana hupata shida kujua ni kipi katika ujuzi wake kinahitajiwa na watu, na ni kipi kinahitajiwa na ujuzi wenyewe. Uamuzi nilimwachia, kwa kuwa mikono ni yake na miaka ni yake.

Kwetu sisi tusio madaktari swali halikuishia hapo. Tunapoisifu familia yenye bingwa na kuihurumia yenye daktari wa wilaya, tunawaambia vijana mahali pa kwenda kabla hawajatuuliza. Nchi ambayo heshima yake yote iko juu ya ngazi isishangae ikikosa mtu wa kuishika ngazi hiyo chini.