Pwani Isiyo na Mtu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangeona jinsi picha za hoteli za kitalii zinavyotembezwa leo duniani kote, kutoka Maldivi hadi visiwa vya Karibi, sijui wangeziweka upande gani. Kwani kinachotembezwa hapo si kibaya. Bahari ni buluu kweli, mchanga ni mweupe kweli, na mnazi ulioinamia maji uliinama hivyo kabla ya mpiga picha kuufikia. Hata hivyo, mwenyeji akionyeshwa picha ya pwani yake mwenyewe aghalabu huguna. Swali ninalotaka kulitia mizanini ni hili: yawezekana picha ambayo kila kilichomo ndani yake ni kweli ikawa uongo? Na kama ni uongo, aliyedhulumiwa ni nani?

Tuutazame kwanza ufundi wenyewe. Lenzi pana hulifanya bwawa la hatua kumi lionekane mfano wa ziwa. Kioo cha kuchuja mwanga huondoa mng'aro juu ya maji na kuikoleza rangi ya mbingu. Jengo hupigwa picha magharibi, katika zile dakika chache baada ya jua kuzama, na taa za vyumba vyote zimewashwa, hata visivyo na mgeni. Na katika pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, mpiga picha husubiri maji yajae. Yakipwa, khasa siku za bamvua, bahari hurudi nyuma hata anayetaka kuoga akachoka kuifuata.

Mengi ya hayo siyahesabu kuwa makosa makubwa. Bibi harusi naye hupambwa, na nyumba hufagiwa kabla mgeni hajapiga hodi. Mgeni mwenye akili anajua kwamba ziko siku haifagiwi.

Linalonishughulisha mimi ni watu. Picha hizi hazikuwa tupu tangu mwanzo. Kampuni ya John Hinde, iliyovuma kwa postikadi za rangi, ilipiga picha za kambi za mapumziko za Butlin's, Uingereza na Ireland, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970. Zimejaa watu tele: watoto majini, akina mama vitini, wazee mezani, kila mmoja amepangwa mahali pake, na rangi zimekolezwa kupita kiasi. Ni maigizo, lakini ni maigizo ya watu wengi. Yalimwambia mtu wa kawaida kwamba raha ni kukaa na wenzake. Zama hizo hizo Mmarekani Slim Aarons, aliyewahi kuwa mpiga picha wa jeshi katika Vita Vikuu vya Pili, alikuwa akiwapiga picha matajiri kando ya maji, mahali kama Hotel du Cap-Eden-Roc kule Antibes, Ufaransa. Hapo umati umekwisha, wamebaki wateule. Siku hizi tunaonyeshwa vitanda viwili vya kuotea jua, dafu lililokatwa, upeo wa bahari, na hapana mtu. Raha imekuwa ni kutokuwapo binadamu mwingine.

Kule Maldivi wazo hili lilitangulia picha. Utalii wa huko ulioanza mwaka 1972 ulijengwa juu ya kanuni ya kisiwa kimoja, hoteli moja, na visiwa vilivyotolewa vilikuwa visivyo na wakazi. Kwa miongo kadhaa wageni walitengwa na visiwa wanavyoishi wenyeji, mpaka masharti yalipolegezwa karibu na mwaka 2010. Basi pwani tupu ya Maldivi ni tupu kweli kweli. Ni ukweli uliotengenezwa kwanza, kisha ukapigwa picha. Karibu na Malé kipo kisiwa cha Thilafushi, ambako taka za mji na za hoteli zimekuwa zikimwagwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hicho hakitiwi katika kalenda.

Kwetu Unguja, pwani zina wenyewe. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kianze mwaka 1989, wanawake wa vijiji vya mashariki wameshuka maji yanapokupwa, na vijiti vyao na kamba, kwenda kupanda na kuvuna. Maji yakijaa hurudi majumbani. Basi yule mpiga picha anayesubiri maji yajae hakuficha matope na mawe tu. Amechagua saa ambayo wanawake hao hawapo. Hakumfuta mtu kwa mkono, amemfuta kwa saa. Kila kilichomo pichani ni kweli, ila wakati wenyewe umesema uongo.

Msomaji wa mashairi ataniuliza: je, mshairi naye hafichi? Huficha sana. Hutaja ua akamkusudia mtu, hutaja chombo akaikusudia nchi. Lakini fumbo hufichwa ili litafutwe, na anayelifumbua humkuta yule aliyefichwa ndani yake. Picha ya hoteli huficha ili asitafutwe mtu.

Iko hoja nyingine, nayo ni nzito zaidi. Nani kasema mwanamke wa mwani anataka kuwamo pichani? Wageni humpiga picha ameinama, nguo zimeroa, wala hawamwombi ruhusa. Akitiwa hivyo huwa pambo tu, sawa na yule mtumishi mwenye sinia anayecheka katika kila kijitabu cha hoteli. Pengine kuachwa nje ni stara. Nimeifikiri hoja hii muda mrefu, na sikuweza kuidharau. Lakini stara ni jambo ambalo mtu hujitakia. Anayejifunika buibui amejisitiri. Anayefungiwa chumbani kwa kuwa wageni wamefika hakusitiriwa.

Wala halikomei kwenye heshima. Mgeni aliyelipia pwani tupu, akishuka akakuta kamba, mwani na watu, huona amepunjwa. Mvuvi anayepita na nyavu zake huonekana ameingia kwa watu. Picha huanza kama tangazo, ikaishia kuwa kama hati ya kumiliki. Jamaica sheria ya fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa zama za ukoloni, haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuitumia pwani, na katika miaka ya karibuni watu wamekwenda mahakamani kuidai. Mahali kama hapo, picha ya ufukwe usio na mtu haibuni kitu. Inaonyesha kilichokwisha kutendeka.

Ningependa kuiona hoteli moja ikijitangaza kwa picha iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa. Mpiga picha ashuke asubuhi, awaamkie akina mama, awaambie picha inakwenda wapi na ni ya nini, na wao wachague. Baadhi yao, nadhani, watakataa. Basi apige vijiti na kamba zao, na mchanga ulio wazi mpaka kule mawimbi yanakovunjika, na hoteli ionekane ndogo nyuma yake.