Barua ya Siagi



Someni kwanza Isaya 55:1, mahali Bwana anapowaita wenye kiu, hata wasio na fedha.

Desemba iliyopita nalikuwa mgeni wa Wakristo wa Saksonia huko Ujerumani, nchi ya wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Wenyeji wangu wakanipeleka Dresden kwa mwoka mikate mmoja, mzee, ambaye chumba chake chapata upana wa sakristia yetu. Kwanza akanipa andazi la tabaka tatu liitwalo Eierschecke: chini unga, katikati maziwa mazito ya mgando, juu mayai. Ni laini, lakini kwangu lilikuwa tamu mno. Kisha akakata Stollen, mkate wao wa Krismasi, wenye siagi nyingi, zabibu kavu, lozi, na maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa katika sukari. Ukitoka tanurini hupakwa siagi tena, ukafunikwa kwa sukari nyeupe, uwe mfano wa mtoto Yesu katika nguo zake za kitoto. Huo nalikula vipande vitatu. (Mke wangu akisoma hapa, anisamehe.)

Nikaisifu siagi. Yule mzee akajibu kwa kinywa cha mkalimani, “Mchungaji, baba zetu waliinunua mara mbili.”

Maana zamani Kanisa lilikataza siagi katika siku za kufunga kabla ya Krismasi, na mkate huu uliokwa kwa mafuta, usipendeze kinywani. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatoa barua ya kuwaruhusu watu wa Saksonia kutumia siagi, walakini kwa malipo; na fedha ile ikasaidia ujenzi wa kanisa kuu la Freiberg. Mwaka 1520 Martin Luther alikemea kuuzwa kwa ruhusa za namna hii.

Nalicheka pamoja nao. Kisha kicheko kikanitoka, kwa kuwa nalimkumbuka mjane mmoja wa usharika wangu. Alileta mtoto wake abatizwe; mtunza hazina akafungua daftari, na sadaka yake ya miaka miwili haikuwamo. Nikamwambia, “Mama, ukamalize kwanza mambo ya daftari.” Akaenda zake bila neno. Baada ya mavuno akarudi, fedha amezifunga katika pindo la kanga. Nikampa stakabadhi, nikambatiza mtoto, nami nikaona nimetenda kwa utaratibu mwema. Stakabadhi ile na barua ya siagi, tofauti yake nini?

Hoja naijua: paa lavuja, na mwinjilisti ana watoto wa kulisha. Kweli, kanisa la Freiberg nalo lilihitaji mawe. Sadaka na ifundishwe, tena bila haya. Lakini ubatizo si forodha, wala mimi si mtoza ushuru wake.

Nalirudi na Stollen moja, maana hukaa majuma mengi isiharibike. Nikampelekea mama yule, nikamwomba radhi. Akaikata, akawapa watoto kwanza, kisha akaniuliza habari za safari. Neno la daftari nimeliweka mbele ya baraza la wazee, hawajapatana bado.