Mtoto wa Damu Mbili

Mtoto aliyezaliwa na baba Mzungu na mama mweusi ni mtoto wa nani? Jibu la maumbile ni jepesi: ni wa hao wawili. Lakini mjini Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville hata mwaka 1966, na katika Kongo nzima, jibu hilo limekataliwa mara mbili, kila mara kwa upande wake.

Mara ya kwanza ni zamani za Wabelgiji. Serikali ya koloni haikupenda metisi wakue mikononi mwa mama zao, kwa maana rangi yao ilifichua kwamba mpaka uliowekwa kati ya Wazungu na watu weusi ulikuwa umevukwa, tena na Wazungu wenyewe. Basi wengi walitwaliwa, wakapelekwa katika misheni zilizo mbali na kwao. Wasichana watano, wote chini ya miaka 7, walichukuliwa hivyo kati ya 1948 na 1953, wakawekwa kwa masista wa Katende, Kasai. Tarehe 2 Desemba 2024, nao wamekwisha kuwa wazee, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda jinai dhidi ya ubinadamu. Misheni ziliwalisha watoto wa namna hiyo na kuwafundisha sala. Lakini zilishiriki pia kuwatenga na mama zao, na jambo hilo halifai kufichwa. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017.

Mara ya pili ni ya juzi. Mwaka 2021 ulipelekwa bungeni Kinshasa mswada wa kutaka rais awe mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongo. Wengi waliona kwamba umemlenga Moïse Katumbi, gavana wa Katanga tangu 2007 hata 2015, ambaye mama yake ni Mkongo na baba yake alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes. Mswada haukupita, naye akagombea urais Desemba 2023, akawa wa pili.

Watetezi wa mswada waliogopa moyo uliogawanyika. Hofu hiyo si ya kipumbavu katika nchi ya shaba, ambayo wageni wameitamani siku zote. Hata hivyo, Katanga ilipojitenga mwaka 1960 kwa msaada wa Wabelgiji, aliyeiongoza, Moïse Tshombe, alikuwa na wazazi wawili weusi wa huko huko.

Amri ya nne yataja baba na mama pamoja. Koloni ilimtaka mtoto amsahau mama. Mswada ulimfanya baba kuwa doa. Lakini je, metisi ambaye baba yake alirudi Ulaya bila kumwachia hata jina, amheshimu vipi? Hapa pana ugumu kweli. Amri haimdai amsifu mtoro. Yatosha asikane kwamba alitoka kwake.

Wako pia wanaomkana mama kwa hiari. Bibi amefika mjini kutoka Kasenga na kikapu cha samaki wakavu. Wageni wa mjukuu wamo sebuleni. Bibi anaambiwa apitie mlango wa jikoni. Mjukuu huyo ana hatia. Lakini kabla ya kumkaripia, aulizwe kwanza ni nani aliyemfundisha mlango huo.