Kabla ya kisu, kipimo

Mnunuzi wa sangara pale Musoma hakubali kukadiriwa kilo kwa macho. Hata muuzaji awe jirani yake, hata aape, atamwambia: weka kwenye mizani. Wala hana kosa, kwani anailinda haki yake. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mzazi huyo huyo, mtoto wake anapokohoa usiku kucha, akubali akatwe kooni kwa kauli ya mtu aliyempanua mdomo mara moja tu na kutazama?

Ndugu msomaji, hapa kuna mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Kazi hii hufanywa na mafundi wa mitaani kwa dhana kuwa kimeo kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi. Madaktari wa Hospitali ya Taifa Muhimbili wameandika kuhusu watoto waliofikishwa kwao baada ya kukatwa hivyo, na wapo waliofariki. La pili ni upasuaji wa mafindofindo, yaani zile tezi mbili za pembeni mwa koo. Huu ni utabibu halali na una manufaa, kwa mtoto anayeuhitaji.

Nani basi anauhitaji? Kwa kawaida daktari humulika koo na kuipa tezi daraja kuanzia 1 hadi 4, kulingana na jinsi ilivyoziba njia. Lakini sehemu ya tezi imejificha ndani ya ukuta wa koo, jicho haliioni. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wametumia ultrasaundi, mashine ile ile anayopimwa mama mjamzito. Kifaa huwekwa chini ya taya, mawimbi ya sauti hupenya na kurudi, na urefu, upana na kina cha tezi huonekana. Hakuna mionzi, wala mtoto hachomwi sindano.

Mtu anaweza kusema kuwa jicho la daktari mzoefu linatosha. Mwaka 1934 ilitolewa taarifa ya uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule katika jiji la New York, Marekani. Watoto 611 walikuwa wameshaondolewa mafindofindo. Waliobaki 389 walitazamwa na madaktari, 174 wakaambiwa wapasuliwe. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, na 99 wakaambiwa wapasuliwe. Wakabaki 116. Walipotazamwa mara ya tatu, 51 nao wakaambiwa hivyo hivyo. Katika watoto elfu moja, wakabaki 65 tu! Hatuna sababu ya kusema madaktari wale walikuwa waongo. Walikosa kipimo walichokubaliana, kila mmoja akafanya jicho lake kuwa mizani.

Hata hivyo tusiigeuze mashine kuwa mufti. Mizani humwambia mnunuzi kilo za sangara, haimwambii kama ameoza. Kadhalika ultrasaundi hueleza ukubwa wa tezi. Kuna mtoto mwenye tezi kubwa anayelala vizuri, na yupo mwenye tezi ya wastani ambaye pumzi inakatika usingizini. Kwa koo linalougua mara kwa mara, kanuni inayotumiwa na madaktari wengi huhesabu maradhi: mara 7 katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Kinahitaji mzazi mwenye daftari, anayeandika kila tarehe ya homa na kila usiku wa kukoroma.

Wanazuoni wetu wana kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Uzima wa kiungo alichoumbiwa mtoto ndio asili, na anayetaka kukikata ndiye anayedaiwa ushahidi. Tena Mtume (SAW) alifundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Fundi wa kimeo na aujue mzigo huo. Lakini mzazi aliyempeleka mtoto naye hawezi kusema hayamhusu. Mtoto ni amana mikononi mwake, naye hana sauti ya kukataa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mkazi wa Butiama au Bunda. Baada ya upasuaji wa mafindofindo, damu inaweza kutoka hata siku ya 5 hadi ya 10, mtoto akiwa ameshasharudi nyumbani, na Bugando iko mbali, kule Mwanza. Kwa hiyo aulize mapema: ni dalili gani inayodai kisu? Tukisubiri miezi michache kutakuwa na hatari gani? Damu ikitoka usiku, twende wapi? Daktari muadilifu hachukizwi na maswali haya. Na akithibitisha kuwa mtoto anakosa pumzi, mzazi asichelewe kwa hofu, kwani kumwacha mtoto ateseke ilhali dawa ipo nako ni dhulma.

Maimamu na walimu wa madrasa wa Mara wana mimbari na wana darasa. Walifikishe jambo hili kwa kina mama na kina baba kabla fundi hajabisha hodi.