Picha ya Mtoto Ukutani



Katika nyumba zetu hapa Kamsamba ukutani mna kalenda na picha ya harusi. Je, kazi ya mtoto wako iko wapi?

Nakiri kosa langu. Mimi niliyefundisha watoto wa wenzangu kuchora, siku moja mwanangu aliniletea picha ya mto Momba, maji ameyapaka rangi nyekundu. Nikamwambia, "Maji hayawi mekundu. Kafanye hesabu." Jioni karatasi ile iliwashia moto. Masika mto ulipofurika nikaenda kuutazama: maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Mtoto aliona, mwalimu hakuona. Hakuniletea picha tena, na alipokuwa mkubwa hata shida zake hakuniletea.

Someni Marko 10:13-16. Wanafunzi waliwakemea waliowaleta watoto, lakini Bwana aliwapokea, akawakumbatia na kuwabariki. Hakuwapa mtihani kwanza. Tena katika Kutoka 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa kazi za ufundi. Basi kazi ya mikono si upuuzi.

Leo picha ya mjukuu wangu nimeibandika sebuleni kwa gundi ya unga, usawa wa macho yake. Wageni wakiuliza, yeye mwenyewe huwaeleza.

Nanyi fanyeni hivyo wiki hii. Sadaka zetu nasi ni michoro iliyopinda, na Baba yetu hazitupi motoni. Amina.